Likasi kwa kinga mwezi wa Desemba: jibu kwa baba wa Katuba

Swali lenyewe kwa ufupi: baba mmoja wa Katuba, Lubumbashi, mstaafu wa reli mwenye miaka 67, huendesha kinga (ndivyo tunavyoiita baiskeli huku kwetu) kila Jumamosi hadi Kipushi na kurudi. Wako wanane. Mkubwa wao ana miaka 72, mdogo 58, na wawili ni akina mama. Katikati ya Desemba rafiki yao wa Likasi anatimiza miaka 50 ya ndoa, nao wamempa ahadi kwamba watakwenda na kurudi kwa kinga. Baba huyu anakunywa dawa mbili za presha, moja "ya kukojoza" na nyingine "ya kutuliza moyo". Anauliza kama safari hii, kwa umri wao na kwa mvua ile, ni wazimu. Binti yake anasema ni wazimu, na ameshaficha pampu.

Jambo Baba,

Nianze kwa kukwambia mimi ni nani, ujue maneno yangu yanafika wapi. Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo. Si daktari wa moyo. Kwa zaidi ya miaka 20 nimeshika magoti na migongo ya watu wa mji huu, na tangu nilipotimiza miaka 45 naendesha na kundi la watu wazima kama lenu. Sasa nina 56, kwa hiyo swali lako ni langu pia, bado kidogo tu.

Si wazimu. Kama kila Jumamosi mnafanya kilomita 60 za Kipushi na kurudi na Jumapili mnaamka mkiwa wazima, kilomita 120 za Likasi hazipo mbali na uwezo wenu. Mimi nina hofu mbili, na umri hauko kati yake kwa namna binti yako anavyodhani. Ya kwanza ni ile saa mtakayosimama mkiwa mmeloa. Ya pili ni kundi la watu wanane wanaoheshimiana mno kiasi kwamba hakuna anayethubutu kusema "tusimame hapa".

Kuhusu umri nitasema kidogo tu, maana nataka umwonyeshe binti. Uingereza, watafiti wa King's College London waliwapima waendesha baiskeli 125 wenye miaka 55 hadi 79. Ili kukubaliwa, mwanamume alipaswa kuweza kwenda kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, na mwanamke kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Matokeo ya kwanza yalitoka 2015, mengine 2018. Misuli yao haikuwa imepungua kwa namna tuliyozoea kuiona kwa wazee, na hata kinga ya mwili, ile ya kupigana na magonjwa, ilikuwa na dalili za ujana. Ufaransa kulikuwa na Robert Marchand, aliyezaliwa 1911. Januari 2017, akiwa na miaka 105, alizunguka uwanja kwa saa moja akafanya kilomita 22 na nusu. Simtaji ili mumwige. Namtaja kwa sababu alipopimwa akiwa na miaka 101 na tena akiwa na 103, baada ya mazoezi yaliyopangwa vizuri, uwezo wa mwili wake kutumia hewa ulikuwa umepanda. Mwili wa mzee bado unafundishika, na ninaliona hilo kila wiki kwenye meza yangu ya kazi.

Sasa dawa zako. Usiache hata kidonge kimoja kwa ajili ya safari, na usibadilishe saa ya kunywa bila kumwuliza daktari aliyekuandikia. Nenda kwake mwezi huu, mwambie waziwazi: kilomita 120, mvua, Desemba. Mwombe akupime moyo ukiwa unafanya kazi, si ukiwa umelala tu kitandani. Dawa ya kutuliza moyo inazuia mapigo yasipande, kwa hiyo ile saa ya mkononi ya kupima mapigo aliyokuletea mtoto wako kutoka Kinshasa itakudanganya. Hesabu ya kawaida, 220 kutoa umri, inampa mtu wa miaka 67 mapigo ya juu kama 153 kwa dakika. Kwako hesabu hiyo haifanyi kazi. Tumia mdomo wako. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi, uko sawa. Ukibaki na neno moja moja, punguza.

Dawa ya kukojoza inatoa maji na chumvi, na kwa umri wetu kiu inachelewa kuja, kwa hiyo usisubiri kiu. Lakini pia usinywe kama ngamia. Kuna wanaougua kwa kunywa maji mengi kuliko wanayotoa, chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma na akili inachanganyikiwa. Kuna mzani pale sokoni? Jipime kabla ya kwenda Kipushi na ukirudi, ukiwa na nguo zilezile kavu. Mtu wa kilo 70 akirudi amepungua zaidi ya kilo moja na nusu hivi, alikunywa kidogo mno. Akirudi ameongezeka, alizidisha. Fanya hivyo Jumamosi tatu na utajua chupa zako ni ngapi, wala hutahitaji kuniuliza tena.

Maumivu ya kubana kifuani, kizunguzungu pamoja na moyo kukimbia ovyo, au pumzi kukatika mahali ambapo jana haikukatika: hapo safari imekwisha kwa mwenye dalili hiyo, anapanda gari. Hakuna mjadala barabarani.

Nije kwenye baridi, na hapa unisome polepole, Baba. Watu wa Lubumbashi tunajua baridi ya Juni na Julai, zile asubuhi ambazo joto linashuka chini ya nyuzi 10 na kila mtu anatafuta koti. Hakuna anayeogopa baridi mwezi wa Desemba. Hiyo ndiyo hatari yake.

Mwaka juzi tulikuwa tisa kwenye barabara hiihii ya Likasi, tukiwa tunaikaribia Luisha. Mvua ilitupiga dakika 40 hivi bila kupumzika. Tulipoona payoti (kibanda cha majani) ya mama mmoja anayeuza uyoga tukaingia wote, tukafurahi, tukaanza kupiga hadithi. Upepo ulikuwa unapita katikati ya payoti. Mkubwa wetu, wa miaka 69, alikuwa amevaa fulana ya pamba, na pamba ikishaloa inashika maji na kukaa nayo mwilini. Baada ya robo saa niliona anahangaika na kifungo cha kaske yake, ile kofia ngumu ya kuendeshea, chini ya kidevu. Vidole vilikuwa vinapita juu ya kifungo bila kukibana. Alikuwa anatabasamu. Nikamwuliza jina la mjukuu wake wa mwisho, akajibu kitu kilichosikika kama mtu mwenye ugali mdomoni. Na alikuwa ameacha kutetemeka, jambo ambalo wenzetu walilichukulia kuwa dalili nzuri.

Halikuwa zuri. Mtu anayetetemeka, mwili wake bado unapigana. Akiacha kutetemeka akiwa bado baridi, umeanza kushindwa. Alipokuwa anakanyaga, misuli ya mapaja ilikuwa jiko lake. Alipokaa, jiko lilizimika, na maji ya ile fulana yaliendelea kumnyonya joto, maana maji hubeba joto mara 25 hivi kuliko hewa. Kijana anatetemeka kwa nguvu na mishipa ya ngozi yake inajifunga haraka. Kwetu sisi mishipa inachelewa, na nyama za kutetemeka zimepungua. Hata nyuzi 18 za mvua na upepo zinatosha.

Tulimvua fulana, tukamkausha kwa kitenge cha yule mama, tukamvisha shati kavu na koti la mtu mwingine, tukamfunika kichwa. Tukamketisha juu ya gunia la makala (makaa) badala ya udongo. Alipoweza kumeza vizuri tukampa chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Mtu mmoja alikimbia kuleta lutuku, pombe kali ya kienyeji, nami nikaikataa kwa sauti ambayo sikuikusudia. Lutuku inafungua mishipa ya ngozi: unasikia joto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka. Na msimsugue mikono na miguu. Baada ya saa moja alianza kutetemeka tena, na hapo ndipo mimi nilipopumua. Akamalizia safari ndani ya gari.

Kutokana na siku ile kundi letu lina kipimo, nami nawapa ninyi bure. Kila mkisimama kwenye mvua, kila mtu anagusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo, mbele ya mwenzake. Anayeshindwa hapandi kinga tena siku hiyo mpaka avae kavu na anywe cha moto. Kipimo hiki hakina aibu, ndiyo maana nakipenda. Mzee hatakwambia "nasikia baridi" mbele ya wenzake saba, lakini kidole hakijui kujikaza.

Kwa hiyo nguo. Pamba ibaki nyumbani. Jezi ya nailoni ya mpira wa miguu inafaa zaidi ndani, koti la mvua juu, jile (kizibao) ya njano nje kabisa ili madereva wawaone. Kila mtu abebe shati moja, soksi na kofia ya sufu ndani ya sashe (mifuko ya plastiki) mbili, moja ndani ya nyingine, zimefungwa fundo. Hizo hazivaliwi barabarani hata mtu akilia. Ni za kuvaa mkisimama. Na gazeti kavu: waendesha baiskeli wa Ulaya wa zamani walikuwa wanaliingiza chini ya jezi, kifuani, kabla ya kushuka milima. Nimejaribu, linazuia upepo kuliko unavyofikiri.

Radi ni hadithi nyingine. Katanga ina radi nyingi, na Novemba na Desemba ndiyo miezi yake. Najua watu wanasema radi inatumwa, na sitagombana na mtu juu ya msiba wake. Ninachojua ni kwamba inapiga mahali palipoinuka na mahali palipo wazi. Ukiona mwanga, hesabu. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya 30, mko ndani ya kilomita 10: tafuteni nyumba ya matofali, shule, kanisa, au ingieni ndani ya gari na kufunga milango. Payoti ya majani inawakinga na mvua tu. Msisimame chini ya mwembe wa peke yake, wala nguzo ya umeme, wala karibu na kichuguu, na vile vichuguu vyetu vikubwa vinavutia sana kama kivuli. Mkikosa nyumba, acheni kinga, tawanyikeni hatua nyingi kati ya mtu na mtu, chuchumaeni. Kisha subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Dakika 30 kamili, hata kama jua limetoka na kila mtu anasema twende.

Hapo ndipo hofu yangu ya pili inapoingia: nani atasema "bado"?

Kuna desturi ya zamani ya waendesha baiskeli wa safari ndefu inayoitwa audax. Ilianza Italia mwaka 1897, watu 12 walipotoka Roma kwenda Napoli, kilomita 230, kati ya jua kuchomoza na kuzama. Ufaransa waliichukua mwaka 1904, na wao waliiwekea sheria ninayoipenda: kundi lina kapiteni wa njia, kapiteni ndiye anashika mwendo, kilomita 22 na nusu kwa saa, na hakuna anayempita. Si mashindano. Wote wanafika pamoja. Ninyi mnahitaji kapiteni, na ningependa asiwe mwenye nguvu kuliko wote wala mzee kuliko wote. Awe yule anayekatisha mazungumzo kanisani wakati mkutano umerefuka. Kama mmoja wa wale akina mama wawili ni hivyo, basi ni yeye. Mchagueni sasa, mkiwa wakavu na mmeshiba, na mzee wa miaka 72 atamke mbele ya wote kwamba atamtii. Bila tamko hilo, siku ya mvua heshima itawafanya mnyamaze.

Mwendo wenu uwe kilomita 15 kwa saa, ule wa mtu wa polepole kuliko wote. Kwa mwendo huo hakuna faida ya kumng'ang'ania mwenzako mgongoni. Wale tunaowaona kwenye televisheni wanabanana kwa sababu upepo wa kilomita 40 kwa saa ni ukuta. Kwa 15 ni pazia. Acheni nafasi ya kinga mbili au tatu, nne kwenye mteremko. Gawanyikeni wanne wanne, mstari mmoja, na kati ya makundi mawili pawe na mita 200, ili lori lipate pa kuingia. Malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi yanapita barabara hiyo mchana na usiku, na dereva anayewapita watu wanane kwa mkupuo mmoja ataingia upande wa mwenzake. Mkisikia mawili yanakutana karibu nanyi, tokeni kwenye lami. Polepole, maana kingo za lami zimekatika.

Tope. Gurudumu la mbele yako linatupa tope jekundu lenye mafuta ya malori moja kwa moja machoni, na mtu mwenye miwani haoni kitu baada ya dakika mbili. Chukueni bidon (dumu la plastiki) ya mafuta ya kula, ile ya njano, kateni kipande cha upana wa kiganja na urefu wa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Toboeni matundu mawili juu, kifungeni kwa waya kwenye madigadi ya nyuma, ncha ibaki kiganja kimoja kutoka ardhini. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila kinga. Anayenufaika ni wa nyuma yako, kwa hiyo kapiteni akague zote nane asubuhi ya safari.

Breki za mpira unaobana rimu hazishiki zikiloa. Lazima zifute maji kwanza, na hiyo inachukua mizunguko kadhaa ya gurudumu. Kwa hiyo kabla ya mteremko, gusa breki kidogo, achia, gusa tena, mpaka usikie sauti inabadilika kutoka kuteleza hadi kukwaruza. Ndipo una breki. Badilisheni mipira yote kabla ya Desemba na mkwangue mchanga kwenye ile ya zamani mtakayobeba kama akiba. Mvua za kwanza ndizo zinateleza kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya kiangazi chote yapo bado juu ya lami.

Sasa hesabu ya siku. Kilomita 120 kwa mwendo wa 15 ni saa nane za kukanyaga. Ongeza mapumziko, ni kumi. Mkitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri mtafika saa tisa na nusu mchana, yaani saa ileile ambayo mvua ya Desemba mara nyingi inaanguka, na mtakuwa mmechoka. Mimi ningegawa safari. Siku ya kwanza hadi Luisha, zaidi ya nusu ya njia, na saa sita mchana mmeshavua viatu. Siku ya pili iliyobaki, mfike Likasi kabla ya chakula, mpate muda wa kufua na kuonekana watu kwenye sherehe. Kurudi, kinga zipande lori na ninyi mpande basi. Najua mmesema kwenda na kurudi. Baada ya sherehe ya miaka 50 ya ndoa hakuna atakayelala mapema, na sitaki watu wa miaka 70 warudi barabara ile na usingizi machoni.

Mna wiki kumi. Oktoba ni joto, kwa hiyo mtoke alfajiri na mrudi kabla ya saa nne. Ongezeni kilomita 10 kila wiki, na kila wiki ya nne mrudi kwenye 50 ili viungo vipumue. Novemba fanyeni mara mbili Jumamosi na Jumapili mfululizo, 60 na 50. Na mvua ya kwanza ikianza mkiwa njiani kuelekea Kipushi, msikimbie. Endeleeni nusu saa, simameni, fanyeni kipimo cha kidole, vaeni kavu, ili mjifunze mkiwa karibu na nyumbani.

Chakula: kila saa kitu kidogo, ndizi, karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa. Bukari (ugali) ibaki kwa jioni. Kama kuna mwenzenu mwenye ugonjwa wa sukari, aongee na daktari wake juu ya dozi ya siku hizo mbili, na mtu mwingine abebe sukari yake pia. Kiti cha kinga kiwekwe urefu ambao kisigino kikiwa juu ya pedali, chini kabisa, goti linanyooka. Wengi wa rika lenu wanakaa chini mno, kisha wanakuja kwangu na magoti.

Kuhusu binti. Anaogopa kwa sababu hana kazi yoyote katika safari hii isipokuwa kungoja simu. Mpe kazi. Aje na gari nyuma yenu siku zote mbili, asiwafuate mgongoni, bali awatangulie kilomita 10, apaki pembeni, angoje mpite wote wanane, kisha atangulie tena. Ndani ya gari awe na termosi mbili za chai, blanketi, sashe za nguo kavu, na orodha ya dawa za kila mmoja yenye namba ya mtu wa nyumbani. Kapiteni akimnyooshea mtu kidole, mtu huyo anapanda gari la binti yako. Msomee sehemu ya yule mzee wa payoti, umwonyeshe na kipimo cha kidole, maana yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuwaona mkisimama.

Na pampu akurudishie leo. Jumamosi hii mnaanza na kilomita 70.